Cheti Nilichomnyima Yonathani

Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1956. Mvua ya masika ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na mpaka sasa, saa tatu asubuhi, haijaamua kama inaacha au inaendelea. Hakuna upepo. Maji yamesimama uwanjani, kuku wa Foibe binti yangu wamejibana ukutani. Nami nimekaa kibarazani, daftari juu ya magoti, nikingoja mvua ikatike niende Tabata kwa miguu.

Vijana wa mwaka wa pili, mliniomba kwa mdomo wa Mkuu wenu mpya niwaandikie habari za kazi yangu ya kufundisha kuhubiri hapa Temeke, ili msomewe siku ya kufunga chuo. Nilikubali upesi, halafu nikajuta. Elimu yangu ni darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Tena sina hakika kama nina cha kuwafaa. Lakini nimeahidi.

Katika mkoba wangu mna bahasha, na ndani yake mna cheti cha kuhubiri chenye jina la Yonathani, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Nilimnyima cheti hicho miaka kumi na tisa iliyopita. Leo nampelekea. Akikipokea, akasimama tena mbele ya watu, nitakuwa nimenyoosha jambo moja kabla sijafa. Asipokipokea, sijui. Nitaandika hapa nikingoja mvua, yatakayobaki nitaandika nikirudi.

Nianze na makosa, maana ndiyo ninayoyakumbuka vizuri.

Kanisa letu la kwanza liliezekwa makuti. Mvua juu ya makuti hunong'ona tu; mtu anahubiri na watu wanasikia. Kisha tukapata mabati, tukasherehekea kama watu waliopata mtoto. Jumapili ya kwanza ya masika, nikiwa mimbarini, mvua ikashuka. Mie badala ya kunyamaza nikapandisha sauti. Mvua nayo ikapandisha yake. Tulishindana hivyo mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Baada ya ibada Bibi Mariamu, mama mmoja wa Kizaramo aliyebatizwa uzeeni, akanishika mkono mlangoni akasema, "Mwalimu, leo mabati yameokoka. Sie bado."

Basi shikeni hilo. Mvua ikipiga bati, nyamaza. Kaa kitini. Watu watakuheshimu zaidi kwa kukaa kuliko kwa kubweka.

Na hili. Msitazame nyuso za watu mnapohubiri, maana nyuso za waumini zina adabu, zitawadanganya. Tazameni miguu. Mguu wa mtu ukianza kupapasa makubazi chini ya benchi, mahubiri yamekwisha, hata kama wewe bado una mengi. Anza kwa sauti ya chini kuliko unavyotaka. Mikono ukikosa pa kuiweka, ishike mimbari, lakini usiivute. Elia aliivuta mwaka wake wa kwanza ikamfuata. Na usile mbaazi asubuhi ya Jumapili. Sababu sitaiandika. Waliokaa benchi la mbele mwaka ule wanaijua.

Hayo ndiyo niliyoyajua kwa hakika. Mengine yote niliyowafundisha watu, siku hizi nayatilia shaka.

Sikuwa na haki ya kuwa mwalimu wa mtu. Baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza, misheni ilikuwa haina watu, na Padre Mkubwa, Mzungu aliyefungua chuo hiki, alinisikia nikisoma Maandiko kanisani. Nilikuwa na sauti. Basi. Sauti ya kuvuka uwanja. Akaniita, akanifundisha kwa miaka miwili namna walivyofundishwa wao kwao: somo moja, jambo moja, vichwa vitatu vya hoja, mwisho. Alikuwa mtu mvumilivu. Watu wengi humtupia lawama za mambo yangu, na si haki. Alinipa njia ya kwenda. Hakuniambia niijengee ua pande zote mbili.

Ua niliujenga mwenyewe. Niliona wanafunzi wanahangaika, wanatoka jasho kutafuta vichwa. Nikaketi miezi mingi nikawaandikia mahubiri arobaini kwa ufupi, kila moja na vichwa vyake vitatu: ya ndoa, ya mavuno, ya ubatizo, ya msiba, ya mfungo. Nikaliita Daftari la Mifupa. Nilikuwa nikiwaambia, "Mahubiri bila mfupa ni nyama iliyomwagika chini." Walicheka, wakanakili. Kila mwaka walinakili. Padre alipougua akarudi kwao, nikafanywa Mkuu, na mifupa ikawa sheria. Anayemaliza chuo lazima aijue yote arobaini kwa moyo, kama mtoto wa chuoni kwa jirani zetu Waislamu anavyojua sura zake.

Niseme kwa haki, daftari lile lilisaidia watu. Danieli alikuwa na kigugumizi. Alipokuwa akitafuta maneno yake mwenyewe alikwama kama gari kwenye tope la Keko. Nilipompa mfupa wa kumi na mbili, akaukariri, akasimama akahubiri dakika ishirini bila kukwama, na mama yake akalia. Sasa ni mchungaji huko bara. Siwezi kusema daftari lilikuwa baya, na siwezi kusema lilikuwa jema. Ndiyo maana silali vizuri.

Sasa Yonathani.

Alikuja kwetu kutoka milima ya Usagara, mrefu, mwembamba, mtaratibu wa kusema. Mazoezi ya sauti tulikuwa tukifanyia nje, kwenye uwanja wa kuanikia mbata. Mwanafunzi anasimama upande huu, sie tunakaa upande ule. Upande ule ndipo lilipokuwa duka la Bwana Nasoro, Mwarabu aliyezaliwa papo hapo Temeke, na babake vilevile. Yeye Mwislamu safi, lakini alisikiliza mahubiri ya Kikristo mengi kuliko wazee wangu wa kanisa, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia.

Jioni nikienda kununua chumvi alinipa hukumu yake.

"Mwalimu, yule wa leo mfupi, ana ugomvi na nani?"

"Hana ugomvi, Bwana Nasoro. Anahubiri upendo."

"Ah. Mie nilidhani kaibiwa."

Siku nyingine akaniuliza, "Na yule Msagara wenu anasema lini tena?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Jana nilikuwa nampimia mteja sukari, nikasimama na kijiko juu nikimsikiliza. Mteja akaniuliza kama nimepatwa na kiharusi."

Nilicheka na kwenda zangu. Nilipaswa kukaa chini pale pale nikamwuliza, alisikia nini. Sikuuliza. Nilijiambia, huyu ni mwenye duka, anajua nini kuhusu mahubiri.

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi. Mwanafunzi anapewa somo siku ya Ijumaa, Jumamosi anasimama kanisani mbele ya watatu: Padre, aliyekuwa amerudi kidogo mwaka ule, Mzee Kleopa, mzee wa kanisa, na mie. Asiyepata cheti haruhusiwi kupanda mimbarini katika kanisa letu lolote. Anaweza kujaribu tena baada ya miaka miwili.

Yonathani alipewa habari ya mjane aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee. Somo hilo lina mfupa wake, wa thelathini na moja. Kwanza, mauti hayabagui. Pili, machozi hukauka. Tatu, mlango haufungwi. Mwanafunzi yeyote angeupita kama anavyopita mlango wa nyumbani kwao.

Alisimama. Akanyamaza kitambo, mpaka Padre akainua macho. Kisha akasema, "Huyu mama alitembea nyuma ya waliobeba. Alikuwa anaona visigino vyao tu."

 Akasema juu ya mama yake mwenyewe, siku walipomzika mdogo wake kule mlimani. Jinsi mama yule, watu wakimwaga udongo, alivyouliza nani amewafungia mbuzi, na watu wakadhani amerukwa na akili. Akasema, "Hakurukwa na akili. Alikuwa anatafuta kitu kimoja ambacho bado kinahitaji kufungwa." Kisha akasema kwamba Bwana hakumhubiria yule mjane. Aligusa jeneza, waliobeba wakasimama. "Nadhani kwanza ilikuwa hivyo tu," akasema Yonathani. "Mtu wa kuwasimamisha. Zaidi ya hapo sijui." Akakaa.

Hazikufika dakika nane.

Mzee Kleopa alikuwa ameshika pindo la kanzu machoni. Padre akageuza kalamu yake mara mbili, akaniambia, "Wewe ndiye mwalimu wake. Sema wewe." Karatasi ya mtihani ilikuwa na mambo matano: vichwa, muda, mafundisho, sauti, mwisho. Nilipima moja moja, kwa haki. Vichwa, hana. Muda, hakufika. Mwisho, hakuna mwisho, amesema hajui. Alipata mawili kati ya matano. Aliyemtangulia kwa alama kama hizo nilikuwa nimemwangusha. Ningempitishaje huyu?

Nimejiuliza mara nyingi kama ulikuwa wivu. Mie nilihubiri miaka mingi na hakuna aliyesimama na kijiko cha sukari juu. Huenda ulikuwa wivu. Huenda ulikuwa uaminifu kwa sheria. Nimetazama daftari langu la siku ile nipate kujua, nimekuta nimeandika maneno matatu tu: "Yonathani ameanguka. Joto."

Nilimwita nikamwambia. Akasema, "Sawa, mwalimu. Nikajifunze vichwa." Akafunga sanduku lake. Alipata kibarua katika genge la reli, akajenga Tabata, akaoa huko. Miaka miwili ilipotimia vita ya Hitla ilikuwa imeanza, chuo kikafungwa kwa kukosa watu na chakula. Kilipofunguliwa hakuja, nami sikumwita. Hiyo ya kutomwita haina karatasi ya mtihani ya kujifichia.

Mtauliza, mbona nimekumbuka sasa. Ni kwa sababu ya msiba wangu.

Mke wangu Damari alifariki miaka mitatu iliyopita, wakati wa kiangazi. Aliyemhubiria makaburini ni Elia, yule wa mimbari na mbaazi, ambaye sasa ni mhubiri mkubwa. Niseme kwa haki, Elia alihubiri vizuri. Sauti yake ilifika nyuma, alifika kwa wakati, hakukosea jina la marehemu. Akasoma habari ya mjane. Akasema, "Kwanza, mauti hayabagui."

Nikasikia kama upepo nyuma yangu. Ilikuwa midomo ya akina mama. Walikuwa wamezika watu wengi mno. Elia alipovuta pumzi kwa cha pili, walikuwa wamekwisha kumtangulia, kwa kunong'ona: machozi hukauka. Alipokaribia cha tatu, kitoto kimoja kikasema kwa sauti, "Mlango," mamake akakifinya. Watu wakainamisha vichwa, mabega ya wengine yakawa yanatikisika, na si kwa kilio.

Elia hakuona. Nilimfundisha mwenyewe asitazame nyuso.

Baada ya watu kutawanyika shemeji yangu Agnesi, dada wa marehemu, mwanamke asiyemumunya neno, alikuja akakaa karibu nami mkekani. Akasema, "Shemeji, nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Hata wewe ulikuwa unatikisa midomo."

Ni kweli. Nilikuwa namzika mke niliyekaa naye miaka thelathini, nami nilikuwa nahesabu vichwa. Nilifika mpaka cha tatu. Nilikuwa nimeridhika kwamba Elia hakuruka kimoja. Sikulia siku ile, na machozi niliyoyangoja baadaye hayakuja, kama vile yalikuwa yamekwisha kuambiwa yamekauka.

Jioni ile mtu mmoja alibaki kaburini akisawazisha udongo kwa jembe. Alikuwa Yonathani. Alikuwa amekuja kutoka Tabata bila kuitwa, akachimba tangu asubuhi na vijana, wala sikumtambua. Akapangusa mikono akanijia, akasema, "Pole, mwalimu. Udongo wa hapa ni laini. Hautambana." Akaondoka.

Hayo ndiyo maneno pekee ya msiba ule niliyokwenda nayo nyumbani.

Imenichukua miaka mitatu kupata ujasiri. Jumatano iliyopita nilikwenda kwa Mkuu wenu nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Mwalimu, ukisema anafaa, anafaa." Akavuta fomu, akaandika jina, akapiga mhuri. Wino ulikuwa haujakauka nami niko mlangoni. Nilitaka anibishie kidogo. Jambo nililomzuilia mtu miaka kumi na tisa lilikwisha kwa muda wa kunywa maji.

Mvua imekatika. Saa nne na nusu. Nakwenda.

*

Nimerudi. Saa kumi na moja jioni. Miguu ina tope mpaka magotini, nimeinawa, nimekaa pale pale kibarazani. Naandika upesi kabla sijaanza kuyapamba.

Yonathani nilimkuta nyuma ya nyumba akipalilia mihogo. Jumamosi genge lao humaliza mapema. Ana mvi sasa. Aliponiona akaweka jembe chini akaja kunipokea mkoba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Yonathani. Habari za hapa?"

"Tupo. Mvua imetupiga, lakini mihogo imeshukuru. Mama Rehema, leta kigoda, mwalimu amekuja kwa miguu."

Mkewe, Mama Rehema, Mluguru mnene mwenye kicheko cha karibu, akaleta kigoda na chai ya tangawizi. Sikuweza kuinywa kabla ya kusema nililojia. Nikatoa bahasha, nikampa. Akapangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, akaisoma karatasi polepole, kutoka juu mpaka kwenye mhuri.

"Jina langu wameliandika vizuri," akasema.

"Ni chako. Kilikuwa chako tangu siku ile. Nilikosea, Yonathani. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba usimame. Jumapili ijayo, ukitaka. Pale Temeke, au hapa Tabata chini ya turubai, popote."

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya bahasha. Akaniwekea juu ya magoti.

"Asante, mwalimu. Mpe mwingine."

"Ina jina lako."

"Basi kaa nayo. Hukukosea. Mie nilikuwa sina vichwa."

Nikamwambia ana kitu kikubwa kuliko vichwa, kwamba hata Bwana Nasoro wa dukani alikisikia. Akacheka kidogo kwa kumkumbuka Bwana Nasoro, Mungu amrehemu. Kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, nilipotoka kwako sikukasirika. Nilinunua daftari. Danieli akaniazima lake, nikanakili yote arobaini. Nilikuwa naikariri kwenye reli, nyundo moja, kichwa kimoja. Nikasema miaka miwili ikitimia nitakuja, na safari hii sitamwaibisha mwalimu. Ilipotimia nilikuwa naijua yote. Chuo kikawa kimefungwa. Sawa. Nikangoja."

"Kisha?"

"Kisha mwenzetu mmoja wa genge akagongwa na treni. Kijana, mgeni, hana ndugu hapa. Tukamzika wenyewe kando ya njia. Mnyapara akaniambia, Yonathani, wewe ulisoma mambo haya, sema neno. Nikasimama. Nilikuwa na neno, mwalimu. Nililiona kabisa, lilihusu viatu vyake, maana vilikuwa vipya. Nikafungua mdomo. Ikatoka 'Kwanza.'"

Akatazama mihogo yake.

"Nikangoja lile langu lije. Likaja lako. Mauti hayabagui. Nikafunga mdomo, nikakaa. Watu wakadhani ni uchungu. Tangu siku ile nikitaka kusema jambo na Mungu, linakuja limekwisha kukatwa vipande vitatu. Hapa nyumbani anayeomba ni huyu mama."

Mama Rehema, aliyekuwa anatwanga kando, akadakia. "Nyie watu wa maneno mna kazi, mwalimu. Juzi mbuzi wetu kafa. Nimetoka nje namkuta mume wangu kasimama juu ya mbuzi, midomo inakwenda. Namsikiliza: mauti hayabagui. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka." Naye mwenyewe sasa hakucheka. Akaendelea kutwanga.

Nikamwambia Yonathani, labda ukisimama yatarudi. Labda yanahitaji kusukumwa, kama pampu. Akasema labda. Alisema kwa upole, namna unavyomkubalia mgonjwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyekufanyia hivi. Akasema hapana, mwalimu, nilinakili kwa mkono wangu. Kila mlango wa lawama nilioufungua akaufunga taratibu, mpaka nikaona ninamchosha. Mtu alikuwa na palizi, na mawingu yalikuwa yanarudi.

Akanisindikiza mpaka kwenye tuta la reli. Tukaagana. Nilipogeuka nilimwona amekwisha kushika jembe.

Vijana, mliomba nasaha na nimewapa ya mvua na ya mbaazi. Jambo kubwa sijui niwaambie nini. Najua mnanakili daftari lile. Mkuu wenu aliniambia, kwa nia ya kunifurahisha. Nilipokuwa njiani nilisema moyoni, nitawaandikia lichomwe. Nilipofika Buguruni nikamkumbuka Danieli na mama yake. Asingekuwa na daftari, yule angekuwa bubu mpaka leo. Alilokuwa nalo Yonathani lilikuwa lake, nami nikamnyang'anya kwa kumpa langu. Mmoja nilimfungua, mmoja nilimfunga, kwa ufunguo mmoja, wala sikuweza kujua ni yupi ni yupi, na sioni mtawezaje kujua nyie. Labda ulizeni wenye maduka. Sisemi kwa mzaha.

Cheti nimekiweka katika sanduku la Damari. Msikitafute. Mkiona haya hayafai kusomwa siku ya kufunga chuo, msiyasome. Nitaelewa, na nitakuja kukaa nyuma kama kawaida.

Foibe amepika muhogo wa nazi, na papa aliyemkaanga kwa kitunguu. Akatandika mkeka, akaweka sinia, akakaa na mikono magotini akingoja nishukuru chakula, maana ndiyo kazi yangu katika nyumba hii tangu yeye mtoto. Nikafumba macho. Nikasikia kinakuja kichwa cha kwanza, na nyuma yake cha pili kimejipanga. Nikakaa kimya nikivisubiri vipite. Havikupita.

"Baba," akasema Foibe, "chakula kinapoa."

Nikamwambia, haya, tule. Tukala. Papa alikuwa na chumvi nyingi, muhogo ulikuwa umeiva vizuri.